Wing Chun: kwa nini mwanafunzi husimama miezi kadhaa bila kupiga hatua

Mtaani, yeyote anayerusha teke juu ya kiuno huitwa mcheza kung fu. Karate ni kung fu, taekwondo ni kung fu, na yule mwigizaji anayekimbia juu ya mapaa katika kibanda cha video naye ni kung fu. Ndiyo maana anayeingia darasa la Wing Chun, mtindo wa kung fu wa kusini mwa China, kwa mara ya kwanza, akiwa amechochewa na filamu kuhusu Ip Man, mwalimu wake mashuhuri, hupigwa na butwaa. Wiki ya kwanza anaambiwa akunje magoti, atulie, kisha anyooshe mkono polepole kama anayepapasa ukuta gizani. Hakuna kuruka, hakuna kelele. Mwezi wa pili bado amesimama palepale. Wengi huaga hapo, wakiamini wamepunjwa.

Tatizo ni kwamba hawakuelezwa kinachofundishwa, wala kwa nini kinafuatana hivyo.

Tuanze na jina. Kwa Kichina, kung fu ni ustadi unaopatikana kwa kazi na muda. Mpishi anaweza kuwa nao, mwandika hati pia. Kiswahili kina neno linalolikaribia sana: ufundi. Seremala aliyeshika randa miaka ishirini ana kung fu ya mbao. Sanaa ya mapigano yenyewe Wachina huiita wushu, ingawa siku hizi neno hilo likitajwa nje ya China mara nyingi hulenga mchezo wa mashindano, wenye majaji, alama na mavazi ya hariri. Karate ni ya Okinawa, Japani, na ina undugu wa mbali na mitindo ya jimbo la Fujian. Taekwondo ni ya Korea.

Ndani ya kung fu kuna mitindo mingi mno, na msemo wa kale huigawa mara mbili: ngumi kusini, mateke kaskazini. Kusini hapa ni Guangdong na Fujian, kwenye Hung Gar, Choy Li Fut, Korongo Mweupe na Wing Chun. Husemwa kuwa watu wa kusini waliishi kwenye mashua na vichochoro, hivyo miguu haikuwa na nafasi ya kupaa. Maelezo haya yanapendeza, lakini Hung Gar, ambayo ni ya kusini vilevile, husimama chini na kwa upana kama mtu aliyepanda farasi. Kwa hiyo tusiyabebe kwa mikono miwili.

Na usitishwe na tahajia. Wing Chun, Ving Tsun na Wing Tsun ni maneno yaleyale mawili ya Kikantoni yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna tofauti, na baadhi ya matawi hushikilia tahajia yao ili kujitenga na jirani. Ila Korongo Mweupe wa Yongchun ni mtindo mwingine kabisa. Yongchun hiyo ni wilaya ya Fujian, na huandikwa kwa herufi nyingine ya Kichina.

Kuhusu asili, hadithi inayosimuliwa karibu kila darasa ni ya mtawa wa kike, Ng Mui, aliyenusurika wakati hekalu la Kibudha la Shaolin la kusini lilipochomwa na utawala wa Qing, nasaba ya kifalme iliyoitawala China zama hizo. Alimfundisha binti aliyeitwa Yim Wing Chun ili amshinde mbabe aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Hadithi ni tamu, lakini hakuna hati ya zama hizo inayowathibitisha wanawake hao, na hata mahali pa hekalu hilo panagombewa na miji kadhaa ya Fujian. Masimulizi ya aina hii yalitembea pamoja na vyama vya siri vilivyoupinga utawala wa Qing. Kamba inaanza kushikika karne ya 19, katika mji wa Foshan, kwa waigizaji wa opera waliosafiri na mashua nyekundu, kisha tabibu Leung Jan, kisha mwanafunzi wake Chan Wah Shun, aliyekuwa akibadilisha fedha sokoni. Ip Man, aliyezaliwa Foshan mwaka 1893, alianzia kwa Chan. Alihamia Hong Kong mwaka 1949, akaanza kufundisha mwaka 1950 katika chama cha wafanyakazi wa mikahawa, na akafariki mwaka 1972. Bruce Lee alijifunza kwake miaka ya 1950 kabla ya kwenda Marekani mwaka 1959. Hakuumaliza mtaala, na baadaye alijenga njia yake mwenyewe, Jeet Kune Do. Anayeingia Wing Chun ili apigane kama Bruce Lee wa kwenye filamu atakuta sehemu tu ya alichokuja kutafuta.

Sasa mtaala wenyewe. Choy Li Fut ina mifuatano ya miondoko makumi kwa makumi (mifuatano hiyo ndiyo wanakarate huiita kata). Wing Chun ya ukoo wa Ip Man ni daftari jembamba: mifuatano mitatu ya mikono mitupu, mmoja wa mtu wa mbao (gogo la mazoezi), fimbo ndefu na visu viwili. Mwenye kumbukumbu nzuri angeweza kukariri yote kwa mwaka mmoja. Lakini kila hatua ina kosa lake la mwili inayolirekebisha, na kosa lililorukwa hujificha katika hatua inayofuata, ambako ni gumu zaidi kulitoa.

Mfuatano wa kwanza, Siu Nim Tau, yaani "wazo dogo", hufanywa bila kunyanyua mguu. Mwanafunzi husimama miguu pamoja, akakunja magoti kiasi. Visigino vikiwa egemeo, anafungua vidole vya miguu kwenda nje. Kisha anahamishia egemeo mbele ya nyayo na kufungua visigino. Mwisho wake vidole vinaelekeana kidogo kwa ndani. Jina la msimamo huu lina maana ya kumbana mbuzi, na aliyewahi kumbana mbuzi kwa magoti siku ya Idi anajua ni nguvu gani inayotakiwa: ya kutosha mnyama asiponyoke, wala si ya kumvunja mbavu.

Hapa ndipo magoti mengi huharibiwa. Goti limeumbwa kukunja na kunyooka, na uwezo wake wa kuzunguka ni mdogo. Mzunguko wa kuingiza vidole ndani unapaswa kutoka kwenye nyonga. Anayeziacha nyonga zimelala huku akilazimisha nyayo zigeuke hulisokota goti kama anayekamua nguo, na baada ya wiki chache maumivu hujitokeza upande wa ndani. Dalili huonekana mapema: ukingo wa ndani wa wayo umebonyea sakafuni na magoti yameangukiana. Tiba yake ni kupunguza pembe ya vidole, kuvuta kiuno chini na mbele kidogo kama anayetaka kukalia kigoda kirefu, na kuacha uzito ushuke katikati ya wayo kuelekea kisigino. Mapaja kuwaka moto ni kawaida. Goti likiuma kwa ndani, acha kwa siku hiyo. Kosa jingine ni kuegemea nyuma mno, ambalo huuhamishia mgongo wa chini kazi ya miguu.

Juu ya msimamo huo hujengwa wazo la mstari wa kati, yaani mstari unaoshuka kutoka puani hadi kitovuni na kuendelea chini. Mkono wako ukikaa kwenye mstari huo, umekaa mlangoni, na mwenzako atalazimika kuzunguka nyumba. Maumbo matatu ya mkono hufundisha jinsi ya kukaa mlangoni. Tan sau ni kiganja kinachotazama juu, kiwiko kimeingizwa ndani na kiko umbali wa kama ngumi moja kutoka mbavuni. Fuk sau ni kifundo kilichokunjwa, mkono umelala juu ya mkono wa mwenzako bila kuugandamiza. Bong sau ni bawa: kiwiko juu, kifundo chini, kigasha kimeinama kuelekea mstari wa kati.

Umbo la tan sau hufanya kazi kama kenchi ya paa. Kenchi haibebi mabati kwa unene wa mbao zake. Inabeba kwa pembe, mzigo ukashushwa ukutani hadi kwenye msingi. Jaribio lake ni rahisi. Mwenzako aweke kiganja kwenye kifundo chako na asukume kuelekea kifuani pako taratibu, akiongeza nguvu kidogo kidogo kwa sekunde tano hivi. Bega likipanda, nguvu imekwama begani. Ukiinama nyuma, imekwama kiunoni. Ukihisi nyayo zinazidi kuwa nzito, imefika inapotakiwa. Bong sau hujaribiwa hivyohivyo, na huanguka kwa sababu moja kubwa: pembe ya kiwiko ikiwa ndogo kuliko nyuzi 90, mkono hukunjika na kubandikwa kifuani. Hata likiwa sahihi, bawa hilo ni la kupita. Linapokea na kuondoka, na anayelishikilia pale kama mwavuli atapigwa chini yake.

Mfuatano huu una sehemu tatu, na ya kwanza hufanywa polepole mno: tan sau moja inaenda mbele, inarudi, kisha fuk sau tatu, moja baada ya nyingine, kila moja ikisonga kama saa ya ukutani. Watu huuliza kwa nini. Baiskeli ikienda kasi hata asiyejua sana haanguki. Ipunguze mwendo ndipo utajua nani anaijua. Mkono wa haraka hubebwa na kasi yake, na bega lililokaza halionekani. Ukipunguza mwendo, kila msuli usiohusika hujisema wenyewe. Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha, nusu yake kwenye sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili inatoa nguvu kwa pande zote, mbele, nyuma na kando, na ya tatu inaunganisha maumbo kuwa kinga na shambulio. Mpangilio wake hukaririka kwa miezi mitatu hadi sita, bila papara.

Kuna jambo linalowatia wasiwasi Waislamu na Wakristo, na lina haki ya jibu la wazi. Sehemu ile ya polepole ina jina la utani linalomaanisha "kumwinamia Buddha mara tatu". Limetokana na mkono kufanana na wa mtu anayesali, na hakuna dua inayosomwa. Salamu ya ngumi ya kulia kwenye kiganja cha kushoto ni adabu tu, kama kushikana mikono. Lakini baadhi ya madarasa yana meza ya wahenga, picha ya Ip Man na ubani, na wanafunzi huiinamia mara tatu. Hilo ni desturi ya heshima kwa waliotangulia katika utamaduni wao, na kila mtu ana mpaka wake. Uliza kabla hujalipa. Mwalimu mwungwana hatakulazimisha.

Ngumi ya Wing Chun husimama wima, kidole gumba juu, na hutoka katikati ya kifua kiwiko kikiwa nyuma yake muda wote. Vifundo vitatu vya chini ndivyo vinavyogusa. Faida yake ni njia fupi. Hatari yake ni mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole kidogo, mwembamba, unaovunjika kirahisi ukigonga fuvu. Kwa hiyo kuna mfuko wa ukutani, wa turubai, unaoning'inizwa usawa wa kifua. Anza kwa kuujaza choroko au maharage, si mchanga, achilia mbali chuma. Ngumi 50 kila mkono, mkono ukiwa laini hadi mguso wa mwisho, kifundo kikiwa kimenyooka. Mia moja kila siku zina faida kuliko elfu moja za Jumapili. Katika ngumi za mfululizo, zile zinazofanana na cherehani, mkono unaorudi hupita chini ya unaokwenda. Wanaoanza huzungusha viwiko nje kama wanaopiga kasia, na papo hapo mlango unabaki wazi.

Chum Kiu, mfuatano wa pili, maana yake ni kutafuta daraja, na daraja ni mahali mikono miwili inapokutana. Hapo ndipo kugeuka, kupiga hatua na mateke huingia. Ndiyo, Wing Chun ina mateke, ila hayapandi juu ya kiuno: goti, muundi, nyonga. Kosa kubwa hapa ni mabega kugeuka kabla ya nyonga, na aliyelipuuza jaribio la tan sau huumbuka wiki ya kwanza, maana kenchi iliyosimama vibaya huanguka mara nyumba inapotikisika.

Sambamba na hayo huja chi sau, mikono inayonata, ambayo ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote kwa sababu video zake ni nyingi. Wanaoanza hutumia mkono mmoja mmoja. Wa kwanza ana tan sau kwa ndani, wa pili ameweka fuk sau juu yake. Wa kwanza anapiga kifua kwa kiganja, na wa pili anazamisha kiwiko na kulizuia pigo. Wa pili anarusha ngumi, wa kwanza anainua bong sau. Wote wanarudi mwanzo. Vifundo haviachani. Baadaye mikono yote minne inazunguka pamoja, na mzunguko unaweza kuvunjwa wakati wowote na yeyote.

Mvuvi wa mshipi hamwoni samaki. Anamjua kwa kidole. Akiukaza mshipi kupita kiasi, hahisi chambo kinapoguswa. Akiulegeza, samaki anakula na kuondoka. Chi sau inafundisha kidole hicho: mkono utambue kwamba nguvu imeondoka njiani, ili uende mbele wenyewe kabla jicho halijapeleka habari. Haya ni mazoezi ya hisia na umbo. Si pambano, na anayemshinda mwenzake kwa chi sau kila siku bado hajajua kama anaweza kumfikia mtu anayerukaruka umbali wa mita mbili na hataki kuguswa mikono.

Hapo tunaingia kwenye swali la kama "inafanya kazi". Wapo wanaojitetea kwamba mtindo wao ni wa hatari mno kwa ulingo. Kwa maoni yangu hicho ni kisingizio. Katika miaka ya 1950 vijana wa Hong Kong walipambana kwenye mapaa ya majengo na mitindo mingine, na Wong Shun Leung, mwanafunzi wa Ip Man aliyemsaidia pia Bruce Lee, alijenga jina lake huko. Wing Chun inayoshindwa vibaya na bondia wa miezi sita mara nyingi ni ile ambayo haijawahi kuvaa glovu, haijui kuziba umbali, na imezoea mpinzani anayenyoosha mkono mmoja na kuuacha hewani. Darasa lisilofanya mapambano ya kujipima, hata mepesi, hata mara moja kwa wiki, linafundisha nusu. Kuhusu kuangusha mtu bila kumgusa, au kumgusa leo akafa wiki ijayo, sina la kuongeza: ni viini macho.

Biu Jee, mfuatano wa tatu, ni wa dharura. Unafundisha viwiko, vidole vinavyochoma, na namna ya kuurudia mstari wa kati ukiwa umeshaupoteza. Zamani walisema Biu Jee haitoki nje ya mlango, na watu wakadhani ni siri ya mauaji. Sababu ya kawaida ni nyepesi zaidi. Miondoko yake inavunja makusudi kanuni za mifuatano miwili ya kwanza, na anayefundishwa dharura kabla ya utaratibu atafanya dharura kila siku.

Mtu wa mbao ni gogo lenye mikono mitatu na mguu mmoja uliokunjwa, lililopitishwa kwenye vipapi viwili vya mlalo ili likisukumwa liyumbe kidogo. Mfuatano wake kwa ukoo wa Ip Man una miondoko 116. Watu hulinunua mapema kwa sababu linapendeza sebuleni, kisha wanalipiga kama adui, vigasha vinavimba, na baada ya mwezi limegeuka kitundika nguo. Gogo halisongi, kwa hiyo wewe ndiye unayepaswa kusonga, na linachopima ni kama umekaa kwenye pembe sahihi. Umbo likiwa sawa, gogo hutoa mlio mfupi na kigasha hakichubuki. Fimbo ndefu na visu huja mwisho, fimbo kwa ajili ya miguu na kiuno, visu kwa ajili ya hatua.

Mikanda ya rangi usiitegemee. Ilitoka kwenye judo ya Japani, na madarasa ya kung fu yanayoitumia yameiazima. Cheo hapa ni cha kinyumba: sifu ni mwalimu, sihing ni kaka wa mazoezi, sije ni dada, na ukubwa huhesabiwa kwa siku ya kujiunga. Mzee wa miaka 50 aliyeingia jana atamwita kijana wa miaka 20 kaka.

Unapotafuta mwalimu, omba kutazama kipindi kizima kwanza. Muulize alijifunza kwa nani na katika tawi gani, maana si kila Wing Chun inapitia kwa Ip Man, na kuna iliyobaki Foshan na kijijini Gulao isiyofanana nayo kwa mpangilio. Angalia kama anaweka mikono yake kwenye ya wanafunzi wapya au anawaachia wakubwa kazi hiyo. Tazama magoti ya waliokaa mwaka mmoja. Kisha muulize mtu wa mbao hufundishwa lini. Akikwambia mwezi wa kwanza, kwa ada ya ziada, una muda wa kupita kwa jirani yake kabla hakujachwa.